Kitanda cha Upepo Kilichonivua Suruali

Jamani, kuna aibu ya kusimuliwa na watu na kuna aibu ya kujisimulia mwenyewe, na mimi nimechagua hii ya pili kwa sababu ile ya kwanza imeshanichosha. Kila nikipita Majengo kuna kijana wa duka la vipuri ananifanyia mdomo "psssss" kama tairi linalotoa upepo, wenzake wanaangukiana kwa kicheko, na mimi natembea kama mtu asiyesikia. (Nasikia. Nasikia kila mara.) Basi leo mtaipata kwa mwenyewe, yote, pamoja na ile sehemu ya bukta.

Mimi ni Osward, fundi turubai wa hapa Sumbawanga. Ukiwa na lori unataka kufunika mahindi yasilowe, au kiti cha bodaboda kimechanika, au kochi limekonda, unaletwa kwangu. Nashona na sare za kwaya pia, kwa sababu mke wangu Levina ni mwanakwaya na katika hilo hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka. Rafiki yangu wa siku zote ni Masanja, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha Malangali. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita, yeye akazaliwa huku, na Kifipa anakiongea vizuri kiasi kwamba mama yangu mzazi humsifu mbele yangu, "Mtazame mwenzako, anasalimia kama mtoto wa hapa," wakati mtoto wa hapa nimekaa pembeni yake namenya viazi.

Sasa, walikuja wageni wawili, mume na mke, watu wa kupanda majabali. Mnajua pale uwanda wetu unapokatika ghafla, ukiwa juu unavaa koti na ukitazama chini unaona bonde la joto mpaka ziwani. Basi upande wa kuelekea Milepa kuna mwamba umesimama wima kama ukuta wa ghala, na hao wageni walikuwa wametoka kwao kuja kuupanda huo tu. Mimi na Masanja tukachukuliwa kuwabebea mizigo, na kwa kuwa hatukuwa waoga wakatufundisha kamba, mafundo, namna ya kujifunga mkanda wa kiunoni na mapajani, mpaka na sisi tukawa tunaning'inia kama popo.

Lakini kilichotutoa macho ni kitanda chao. Mwamba ule mtu haumalizi kwa siku moja, kwa hiyo giza linamkuta katikati, hana hata pa kuweka kisigino, na hapo ndipo wale wageni walipotoa kwenye begi kitu kilichokunjwa kama shuka, wakakipuliza kwa pampu kikawa kigumu kama ubao, wakakitundika kwa mikanda kwenye vyuma walivyovichimbia kwenye jiwe, wakapanda, wakavua viatu, wakalala. Chini yao hewa tupu mpaka kwenye vilele vya miti! Niliuliza bei yake. Walipoitaja, Masanja alisema kwa hela hiyo baba yake angejenga zizi la pili na kulijaza.

Wageni wakaondoka, wakatuachia kamba na mikanda. Mimi niliona mambo yameisha. Masanja yeye hakulala. Akaja kwenye kibanda changu na furushi la tyubu kuukuu za baiskeli, akazibwaga mezani juu ya kochi la watu.

"Osward," akasema, "tyubu ikijazwa peke yake inavimba inapasuka. Lakini tukiivisha soksi ya turubai, itavimba iende wapi?"

Tukatazamana. Nikamwambia soksi nazishona mimi. Na kweli nilizishona, jamani, mishono miwili miwili, uzi wa kushonea mikanda ya mizigo, nikajichoma sindano mpaka kidole kikavimba kama muhogo. Tukapanga tyubu kila moja na soksi yake, tukazungusha fremu ya mstatili, katikati tukatandaza kitambaa kigumu, tukatia mikanda. Kikikunjwa kinaingia kwenye mkoba wa shule. Uzito wake mwanamke anakibeba huku amebeba mtoto. Na vitu vyenyewe ni vya kuokota kwa mafundi baiskeli, kwa hiyo bei yake hata mtu wa kawaida anaweza kuisikia bila kukaa chini.

Tulikijaribu mwambani, kikashika. Nilifurahi kama yeye, nisiwadanganye. Shida ilianza kwenye jina.

Watu wakakiita kitanda cha Masanja.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikaanza kusahihisha, "Tumetengeneza wote," watu wanasema "Ahaa," halafu wanaendelea, "sasa hicho kitanda cha Masanja kinajazwaje?" Redio ikamwita akahojiwa. Nilifunga kibanda nikakaa na redio sikioni, na mwisho wa mahojiano akasema anamshukuru Mungu, wazazi wake, "na marafiki wote." Marafiki wote! Mimi mwenye kidole kilichovimba nimo ndani ya "wote" pamoja na yule anayemuuzia petroli. Nyumbani nako hakukukalika, maana Levina alikuwa akipakua ugali ananiambia Masanja kasema hivi, Masanja kavaa shati vile, Masanja ni mtu wa mipango, na wala hakuwa na baya lolote, ndivyo anavyoongea, lakini mimi kila nikisikia hilo jina tonge linakwama. Nikaanza hata kuona meno yake Masanja ni mengi mno. (Meno yake ni ya kawaida. Nimeyahesabu baadaye.)

Basi nikiwa katika hali hiyo, simu ikalia. Mwanamke, sauti ya ofisini, akajitambulisha kuwa ni Consolata wa kampuni moja ya kutembeza watalii, wanataka kuleta wageni walale ukutani mwa mwamba wetu waamke wanalitazama ziwa, kwa hiyo wanatafuta vitanda vyepesi vya bei nafuu, watakuja mwambani kuviona na kuagiza, na Masanja ameshaahidi kuwepo. "Tumeambiwa na wewe unahusika na vitanda hivi, fundi. Tutakukuta?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipotakiwa kusema, "Ndiyo mama, mimi na Masanja." Maneno matano tu. Lakini niliwaza, kumbe sifa zangu nazo zimefika mbali, kumbe kuna watu wanaojua! Nikakohoa kidogo, nikajibu, "Ndiyo, nitakuwepo. Ninacho changu. Kipya. Kikubwa zaidi."

Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimeshika simu mkono mmoja na kiti cha pikipiki mkono wa pili.

Nikafunga pazia la kibanda, nikaanza. Kwa kuwa cha Masanja ni cha mtu mmoja, changu kikawa cha wawili. Kwa kuwa cha Masanja kina tyubu nyingi, changu nikakifanya mfuko mmoja mkubwa wa turubai jepesi lile la kutengenezea makoti ya mvua, nikaugawa ndani kwa mishono usivimbe kama puto, mishono yote nikaipaka gundi ya kuzibia pancha. Kilikuwa kizuri, jamani. Kilikuwa cha bluu. Masanja alipita kibandani kwangu siku mbili tatu akiuliza, "Mshikaji, mbona pazia?" nikamjibu vumbi. Nikaona amesimama kidogo nje, kisha akawasha pikipiki akaenda.

Sikukijaribu mwambani. Kukijaribu kungetaka mtu wa kunishikia kamba, na mtu wa kunishikia kamba ni Masanja.

Siku yenyewe ikafika, na ilikuwa ule msimu wetu wa baridi ambao ukitoka nje asubuhi unatoa moshi mdomoni kama lori. Nikavaa suruali yangu nzuri, na ndani yake bukta ya kukinga baridi (tutairudia), na koti, na kofia ya sufu. Sasa nikafikiri: Masanja atafika kule ataanza kukanyaga pampu mbele ya wageni, fyu fyu fyu, jasho linamtoka, mimi nitafika na kitanda kimeshajaa, kimesimama, mtu anakiona kwa mbali anasema, hicho ndicho. Nikakibeba mpaka kwa fundi pancha, mzee mmoja mpole, akaunganisha mpira wa kompresa.

"Imetosha," akasema, akigonga kwa kucha.

"Ongeza, mzee wangu."

"Kijana, hii siyo tairi."

"Ongeza kidogo tu."

Akaongeza. Ukikigonga kinalia kama ngoma. Tukakifunga juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, niliyoikodi, tukakatiza mji mzima, watu wananyoosha vidole, na mimi niko kwenye kiti cha mbele nimetoa kiwiko dirishani kama mgombea. Tulipoanza kuteremka kuelekea bondeni nikavua kofia. Tulipofika katikati ya mteremko nikavua koti. Tulipofika chini nilikuwa nimefungua vifungo vya shati na dereva ananiuliza, "Mbona juu kunalia kri, kri?" nikamwambia ni kamba. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hata mtoto wa darasa la tano anajua: upepo uliosindiliwa kwenye baridi ya Sumbawanga ukiushusha kwenye jua la bondeni, unatanuka. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua kabisa, ila siku hiyo kichwa changu chote kilikuwa kimejaa Masanja.

Chini ya mwamba palikuwa na watu kama sherehe. Bi Consolata na wenzake wawili wamevaa kofia pana. Wanakijiji. Kwaya ya Levina nayo ilikuwa imeombwa ije kuwaimbia wageni, imepanga mistari na sare zake za kitenge cha kijani chenye vibuyu vya njano, nilichokishona mimi mwenyewe. Na baba yake Masanja, mzee Nkwabi, alikuwa amepitisha ng'ombe wake kwenda kunywa maji kijitoni, akawasimamisha hapo, amejiegemeza kwenye fimbo anamsubiri mwanawe atambe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe una chako? Mungu akubariki." Akakitazama kitanda changu kwa mshangao. "Hiki ni cha familia nzima!"

Jamani, nilijisikia vizuri. Watu wakanisaidia kukipandisha kwa njia ya nyuma mpaka juu ya mwamba, tukiwa kama siafu waliobeba bawa la mende, upepo unakivuta huku na huku. Juu nikamkuta Masanja amekaa kwenye jiwe na mkoba wake wa shule. Alisimama akaja kunipokea, akacheka kwa furaha kweli, akasema, "Kumbe ndilo vumbi hilo!" Kisha akaweka kiganja kwenye kitanda changu. Akakitoa. Akakiweka tena.

"Osward, punguza upepo. Huku joto, na jua bado linapanda."

Nikamtazama, na unajua nilichowaza? Niliwaza: ana wivu. Haki ya Mungu. Nilisikia na raha fulani ikinipanda toka tumboni.

"Shughulika na chako," nikamwambia.

Alikagua mafundo yangu, akavuta kamba yangu ya usalama mara mbili kuhakikisha imefungwa kwenye chuma cha peke yake kilichochimbiwa kwenye jiwe, siyo kwenye kitanda, na hilo nalo nikaliona ujuaji. Kama asingefanya hivyo, leo mngekuwa mnasimuliwa na mtu mwingine, tena kwa sauti ya chini.

Tukavishusha vitanda kwa kamba, na sisi tukavifuata, cha kwake hapa, changu pale hatua chache pembeni, juu kutoka ardhini kama mnara wa kanisa. Yeye akakipulizia chake palepale akiwa ananing'inia, fyu fyu fyu kama nilivyotabiri, na chini sikusikia mtu hata mmoja akimcheka, walikuwa wanapiga makofi kwa kufuata pampu. Iliniuma. Nikajitupa kwenye cha kwangu, nikalala chali, nikakunja nne, nikaweka mikono nyuma ya kichwa. Kikashika! Watu wakashangilia. Nikasikia sauti ya Levina, namjua hata akiwa katika elfu, "Huyooo! Mume wangu huyooo!" na kwaya ikapokea kwa vigelegele, na hapo nikamgeukia Masanja nikamwona kwenye kitanda chake chembamba miguu imebanana, nikajifanya kukoroma.

Bi Consolata akaita toka chini, ameweka mikono mdomoni, "Fundiii! Hicho kinalala wawili?"

"Hata watatu, mama!"

Ndipo nikasikia tena kri. Siyo kamba. Ilikuwa chini ya mgongo wangu, na kitanda kilikuwa kimeanza kupanda katikati kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, mpaka nikawa nateleza kuelekea ukingoni. Mwamba wenyewe ulikuwa umeshika moto, ukiugusa unatoa mkono. Masanja akaniambia taratibu, watu wasisikie, "Fungua valvu. Sasa hivi."

Nikafungua. Nikafungua kidogo tu, kwa aibu, na valvu ikatoa ule mlio. Ninyi ni watu wazima, sina haja ya kueleza ule mlio. Ulikuwa mrefu, mwembamba, una kona, na mwamba ukaupokea na kuurudisha mara mbili. Kisha kwaya nzima, mabibi na mabinti wa kanisani, ikapasuka kicheko. Soprano ndio waliotangulia.

Na mimi mpumbavu nikafanya nini? Nikaifunga tena. Ndiyo! Kwa sababu walikuwa wananicheka! Nikaifunga, nikaikaza, nikatabasamu kuelekea chini kana kwamba hakuna kilichotokea, na Masanja akapaza sauti sasa, "Osward!" na sikusikia mwisho wa jina langu.

Kililipuka. Siyo mshono mmoja, ni yote, ni kama bunduki ya msituni, na mwangwi ukabiringika bondeni. Ng'ombe wa mzee Nkwabi waliinua mikia wote kwa pamoja wakaondoka. Mimi nilianguka mpaka kamba iliponikata mapajani, nikageuka kichwa chini miguu juu, na lile turubai la bluu likanifunika lote nikawa kama sambusa, napigapiga mikono gizani nikilia, "Mama! Mama!" Katika kupigapiga huko, suruali yangu nzuri ilikuwa imenaswa kwenye kulabu ya kitanda, na nilipojinyoosha nikasikia mshono wa nyuma ukiachia, mshono wangu mwenyewe mimi fundi, kutoka kiunoni mpaka kwenye goti, kisha mguu wa pili, na suruali ikachomoka chini ya mikanda yangu ikaning'inia peke yake kama bendera ya mtu aliyeshindwa.

Sasa bukta. Mwaka ule nilipowashonea kwaya sare, kiongozi wao, Mama Sabina, aliniuliza kwa heshima kama kuna kitambaa kilichobaki, wapate vilemba. Nikamwambia mama, kimeishia hapohapo, hata nimehangaika. Turubai lilipodondoka nikabaki naning'inia wazi mbele ya kijiji, na ndani ya bukta ya kitenge cha kijani chenye vibuyu vya njano.

Kicheko kilikatika. Kulikuwa na kitambo kidogo cha watu kutazama juu, kisha kutazama sare, kisha kutazama juu tena. Na sauti ya Mama Sabina, sauti ya kuongoza misa, ikapanda mpaka kwangu bila kupungua hata kidogo:

"Kumbe kilibaki!"

Nilitamani kamba ikatike, nawaambia ukweli.

Wakati huohuo mzee Nkwabi anakimbia na fimbo huku anaita, "Masanja! Ng'ombe! Wameingia kwa watu! Masanja, shuka!" na ng'ombe kweli walikuwa wameshavunja uzio wa mama mmoja mjane jirani na kijito, wako katikati ya maharage yake. Nilimwona Masanja akiwatazama. Zile ndizo mali za nyumba yao, ndama wengine ni wake mwenyewe, na mjane yule asingenyamaza. Kisha akapiga teke mwamba, akabembea na kamba akanifikia, akanidaka shati.

"Baba, watarudi!" akamjibu akiinamia chini. "Huyu akizimia hapa harudi!"

Damu ilikuwa imeshanijaa kichwani, naona nyotanyota. Akanigeuza, akanivuta mpaka kwenye kitanda chake, akanilaza, na yeye akajibana pembeni, wanaume wawili wazima kwenye kitanda cha mtu mmoja, miguu yangu mitupu inaning'inia upande huu, yake upande ule. Kitanda kikalalamika kidogo, kikatulia. Akaniwekea koti lake mapajani. Na mnajua nilichofanya, mimi niliyetoka kufa? Nilipitisha kidole kwenye ile soksi ya turubai, nikagusa mishono miwili miwili, nikawaza: huu mshono ni wangu, na bado watu watasema Masanja kamwokoa kwa kitanda chake.

Ndivyo walivyosema. Bi Consolata alipiga picha palepale. Nilipofika chini nimejifunga koti kiunoni, nilimsikia akiwaambia wenzake, "Mmeona? Kimebeba wawili, tena mmoja amedakwa hewani. Tunataka hivi." Aibu yangu ikawa ndiyo tangazo la Masanja, kama mtu aliyelipwa kuja kuanguka.

Niliingia kwenye maharage ya yule mjane na lile koti kiunoni nikasaidia kuswaga ng'ombe, mzee Nkwabi mbele yangu hageuki kunitazama, na hilo lilikuwa zito kuliko fimbo. Mbele ya yule mama nilipiga magoti kwenye tope, nikamwambia makosa ni yangu siyo ya ng'ombe, na wiki iliyofuata nilirudi kumjengea uzio na kupanda upya. Levina tulirudi naye kwenye ile kirikuu. Tulipokaribia kuumaliza mteremko, baridi ikaanza kuturudia, akanivalisha kofia yangu ya sufu kama mtoto, ndipo akasema, akitazama mbele:

"Bi Consolata alikupataje wewe?"

"Amesikia sifa zangu."

"Kwa nani?"

Nikavuta kofia ikafunika masikio.

"Masanja ndiye aliyempa namba yako, Osward. Alimwambia bila mshonaji wake vitanda haviwezekani, akawaomba wakualike mwenyewe. Alinikataza nisikwambie, alitaka akushtukize pale mwambani, awaite wageni akutambulishe." Akavuta pumzi. "Kila jioni namtaja ili uniulize. Hukuniuliza hata mara moja."

Jamani, ile njia ya kurudi mjini ni ndefu.

Nilijifungia kibandani siku kadhaa. Siyo kwa majuto tu, niseme lote: nilikuwa nimekasirika kwamba hata katika wema amenizidi. Ungekuwa na adui ungemchukia ukalala vizuri. Mtu kama Masanja unamchukiaje? Mwishowe alikuja mwenyewe na furushi jipya la tyubu, akalibwaga juu ya kochi la watu kama siku ile ya kwanza, akasema kampuni imeagiza, kazi ni nyingi, na uzi umekwisha.

"Utanisamehe?" nikamuuliza.

"Nimeshakusamehe. Ila Mama Sabina sijamsemea." Akacheka, nikayaona yale meno. Nikatoa sindano.

Sasa tunashona pamoja, mapato nusu kwa nusu, na Mama Sabina nimemshonea vilemba vya kwaya nzima kwa kitambaa nilichonunua mwenyewe, ingawa mpaka leo akija kupima nguo anahesabu vipande kabla hajaondoka. Wageni wanalala mwambani, wanaamka salama, wanashuka wanauliza, "Nani Masanja?" na mimi nainama kwenye cherehani.

Maana sitawadanganya kwamba wivu umekwisha. Haujaisha. Ila nimeapa mbele ya Levina, na yeye ndiye aliyenipa dawa: nikisikia mwenzangu anasifiwa na moyo ukaanza kuwaka, nisijibu simu, nisishone kitu, nisipande popote, nichukue jembe niende shambani nikalime mpaka upite.

Mwaka huu, jamani, tumelima sana.